Jedwali tupu kabla ya kwenda mwaloni

Rasimu nyingi za makala za utafiti ninazoletewa hapa Kigoma zinahusu dagaa, na waandishi wake karibu wote wananiomba jambo moja: niwanyooshee Kiingereza. Nikisoma kurasa mbili tatu naona shida iko mbali na Kiingereza. Mtu alibeba dodoso, akashinda mwaloni (pale vyombo vya uvuvi vinaposhusha samaki), akarudi na takwimu, ndipo akaanza kutafuta swali la kuzifaa. Hapo mhakiki, yule anayeipima makala kwa niaba ya jarida, hana la kuokoa. Atapendekeza ikataliwe, basi, ila kwa maneno ya upole.

Kwa hiyo wanafunzi ninaowasimamia nawadai jedwali tupu, hata kabla hawajaanza kuhangaikia kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Vichwa vya safu viwepo vyote, vipimo viandikwe (kilo kwa chombo kwa usiku, usiniandikie “kiasi cha mavuno”), namba zisiwepo. Kisha nauliza: namba gani ikiingia hapa utakubali kwamba dhana yako si kweli? Asiye na jibu ana mada tu, utafiti bado.

Chukua mfano wa mwezi. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni wa usiku na wa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta dagaa juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikikolea, taa inapoteza nguvu yake na wavuvi wengi wanapumzika. Nimewahi kuhakiki rasimu iliyolinganisha mialo miwili: mmoja ulipimwa wakati wa giza, mwingine mwezi ukiwa mpevu. Hesabu zilikuwa safi, thamani ya p (uwezekano wa tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu) ndogo ya kupendeza, na hitimisho likasema mwalo wa kwanza una usimamizi bora wa uvuvi. Mvuvi yeyote wa mialo yetu ya Kibirizi au Katonga angemweleza mwandishi sababu yake bure, tena bila p. Kilichokosekana ni safu moja katika jedwali, ya umri wa mwezi, na safu hiyo haiwezi kuongezwa baadaye kama tarehe za kila usiku hazikuandikwa.

Mtego mwingine wa aina hiyo ni ufungaji wa ziwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na tangu hapo kuna wimbi la wanaotaka kulinganisha mavuno ya “kabla” na “baada”. Mada ni nzuri. Lakini miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusi, upepo unaochanganya maji na kupandisha virutubisho kutoka chini. Ukilinganisha Aprili na Septemba utakuwa umepima majira na ufungaji kwa pamoja, na hutaweza kuvitenganisha tena. Unahitaji Septemba za miaka ya nyuma. TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, wana kituo hapahapa Kigoma. Nenda ukaulize takwimu zipi zipo kabla hujaandika pendekezo lako.

Ziwa hili lina mfano mzuri wa swali lililopangwa vizuri. Mwaka 2003 makala mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika jarida la Science, zilionyesha kuwa maji ya juu yamepata joto, yanachanganyika kidogo na ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Wapo waliopinga: je, kama samaki wamepungua, si kwa sababu ya nyavu kuongezeka? Takwimu za mavuno peke yake haziwezi kuamua ugomvi huo, maana joto na nyavu vimepanda katika kipindi kimoja. Makala ya Cohen na wenzake ya mwaka 2016 ikapita njia nyingine. Walisoma mabaki ya samaki ndani ya matope ya chini ya ziwa, yenye kumbukumbu ya karne nyingi, wakakuta kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Hilo halisemi kwamba nyavu hazina hatia leo. Ila ona walivyofanya: walitafuta data ambayo maelezo mawili yanayoshindana yangetabiri tofauti. Ukiweza kuandika utabiri wa kila upande chini ya jedwali lako tupu, nusu ya sehemu ya mjadala umeshaimaliza.

Sasa kuhusu ukubwa wa sampuli, maana hapa ndipo fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa watu wangapi wahojiwe, inapoteswa. Mtu ana wavuvi 2,000, anaweka kosa la asilimia 5, anapata 333, anaandika na kusonga mbele. Fomula hiyo ni ya kukadiria asilimia, kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu kabisa. Kwa kosa la asilimia 5 haitavuka 400 hata ukiwapa watu wa nchi nzima. Haikuambii lolote kuhusu kulinganisha wastani wa kilo wa makundi mawili. Na ukiwahoji wavuvi watano wa chombo kimoja kuhusu mavuno ya jana, una kipimo kimoja kilichosemwa mara tano.

Ninapohakiki, ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala) naiacha mwisho kwa sababu imeandikwa kunishawishi. Naanza na majedwali, nayasoma na sehemu ya mbinu pembeni. Mbinu zinasema waliohojiwa ni 333, Jedwali la 2 lina 318, Jedwali la 4 lina 301: wengine wamekwenda wapi? Pengine kuna sababu ya kawaida tu, lakini iandikwe. Halafu nawinda kitenzi “kusababisha” katika hitimisho la utafiti uliofanywa kwa dodoso la siku moja. Katika ripoti natenganisha yanayoiangusha kazi na makosa ya tahajia, nataja ukurasa na mstari. Simlazimishi mwandishi anukuu makala zangu. Ni tabia mbaya, na ipo. Rasimu ya mtu haisambazwi kwenye kundi la WhatsApp la idara.

Nawe ukipokea maoni ya wahakiki, lala nayo usiku mmoja. Kisha nakili kila hoja, jibu lako chini yake, na ukurasa ulipobadilisha. Ukiona mhakiki amekosea, mwambie kwa hoja na namba. Akiuliza kwa nini mwezi wa nane hukuchukua sampuli katikati ya ziwa, mweleze kuwa upepo wa kusi uliizuia boti ndogo mliyokuwa nayo, halafu sentensi hiyohiyo iingize kwenye mbinu, kwa sababu msomaji anayefuata atauliza swali lilelile na wewe hutakuwepo kumjibu.