Handikapu ya gofu: vipi mwenye mikwaju 95 anamshinda mwenye 79?

Jumamosi jioni, klabuni. Mzee mmoja mstaafu amemaliza mashimo 18 kwa mikwaju 95. Kijana waliyecheza naye kundi moja amemaliza kwa 79. Matokeo yanasomwa, kikombe kinakwenda kwa mzee. Mgeni aliyefuata nyama choma tu anauliza kama kuna mtu kakosea hesabu.

Hakuna aliyekosea. Kijana kapiga vizuri kuliko mzee, hilo halina ubishi. Ila mzee siku hiyo kajizidi mwenyewe kuliko kijana alivyojizidi, na kwenye gofu ya ridhaa hicho ndicho kinachoshindaniwa mara nyingi. Kipimo chake kinaitwa handikapu.

Kila aliyekulia mtaani anaijua handikapu, hata kama hajawahi kushika fimbo ya gofu. Watoto wakishindana mbio, mkubwa anamwambia mdogo: wewe anzia pale kwenye mwembe, mimi naanzia hapa. Waingereza walilitoa neno lenyewe kwenye mchezo wa kubadilishana vitu ambapo watu walitia mikono kofiani, likahamia mbio za farasi, ambako farasi mwenye nguvu hubebeshwa uzito zaidi, ndipo likafika gofu. Kwenye gofu hakuna uzito wala mwembe. Asiye hodari anasamehewa mikwaju.

Kwanza lugha ya kadi, ile karatasi ambayo mikwaju yako inaandikwa. Kila shimo lina pa, yaani idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari: 3, 4 au 5 kulingana na urefu. Ukimaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya pa umepata bedi, kwa miwili pungufu ni igo. Ukizidisha mmoja ni bogi. Jumla ya mikwaju yote uliyopiga ni grosi. Toa handikapu, kinachobaki ni neti. Mzee wetu alisomewa neti 70, kijana 71.

Sasa, namba hiyo ya handikapu inatoka wapi? Tangu 2020 dunia ina mfumo mmoja, unaosimamiwa na vyombo viwili vya kuongoza gofu, R&A ya Scotland na USGA ya Marekani; kabla ya hapo ilikuwapo mifumo 6, na mtu akisafiri namba yake ilileta maswali. Unaanza kwa kuwasilisha kadi za mashimo 54, zikiwa zimesainiwa na mwenzako aliyekuhesabia. Kila kadi hurekebishwa kwanza kulingana na ugumu wa uwanja; zikifika 20, kompyuta inachukua 8 zilizo bora zaidi na kutafuta wastani wake. Wastani huo ndio indeksi yako. Kiwango cha juu kabisa ni 54.0, kwa wanaume na wanawake.

Rudia hapo: 8 bora kati ya 20. Watu wengi, hata waliocheza miaka, hudhani handikapu ni wastani wa mchezo wao. Sivyo. Ni picha ya siku zako nzuri. Ndiyo maana mwenye handikapu 18 kwenye uwanja wa pa 72 hafiki 90 kila wiki; wiki nyingi atapita hapo, na hajaharibu chochote. Nimeona watu wakiondoka uwanjani wamenuna kwa kukosa namba ambayo mfumo wenyewe haukutarajia waifikie kila siku.

Kingine kinachochanganya ni viwanja. Mikwaju 90 ya Nyali, pwani ya Kenya, si sawa na mikwaju 90 ya Limuru, juu kwenye mashamba ya chai ambako hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo kila uwanja hupimwa na kupewa namba mbili. Ya kwanza ni kipimo cha uwanja: mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji wa handikapu 0. Ya pili ni slopu, inayoonyesha uwanja huo unamtesa mchezaji wa kawaida kiasi gani zaidi ya yule hodari. Slopu ni kati ya 55 na 155, na 113 ndiyo ya kawaida.

Tumrudie mzee. Indeksi yake ni 25.6. Tuseme uwanja ni wa pa 71, kipimo 70.4, slopu 121. Unazidisha 25.6 kwa 121, unagawa kwa 113, kisha unaongeza tofauti ya kipimo na pa, ambayo hapa ni hasi 0.6. Inakuja 26.8, yaani 27, na hiyo ndiyo handikapu yake ya uwanja. Kwenye mashindano ya mtu mmoja mmoja huchukuliwa asilimia 95 tu ya ile 26.8, kwa hiyo siku ile mzee alicheza na 25. Kijana mwenye indeksi 8.1 alicheza na 8. Hiyo asilimia 5 inayokatwa inamuuma zaidi mwenye handikapu kubwa, na ni haki: mchezo wake unapanda na kushuka sana, siku ikimnyookea anaweza kufagia zawadi zote. Usitoe kalamu lakini, simu inafanya hesabu hizi zote.

Mikwaju ya kusamehewa haimwagwi ovyo. Kadi inapanga mashimo kwa ugumu, 1 hadi 18. Mwenye handikapu 27 ya uwanja anapata mmoja kila shimo, halafu mmoja wa ziada kwenye yale 9 magumu zaidi. Hapo ndipo shimo baya linapodhibitiwa. Mzee alitumbukiza mipira majini kwenye shimo la pa 4, la tano kwa ugumu, akatoka na 11. Kwenye mashindano ya mikwaju, 11 ni 11. Lakini kwenye rekodi yake ya handikapu, shimo haliwezi kuzidi pa, ongeza 2, ongeza mikwaju anayosamehewa hapo: 4 na 2 na 2, yaani 8. Kwa rekodi, basi, 95 yake inasomeka 92.

Daktari Frank Stableford alilitatua tatizo hilo hilo kwa njia nyingine huko Wallasey, Uingereza, mwaka 1932: badala ya kuhesabu mikwaju, hesabu pointi. Ukipata pa baada ya msamaha, pointi 2, bedi 3, bogi 1, zaidi ya hapo sifuri, okota mpira twende. Pointi 36 maana yake umecheza sawasawa na handikapu yako. Kwa anayeanza, mimi ningemshauri huo kabla ya mwingine wowote.

Wapo, bila shaka, wanaoficha makucha: kadi nzuri haziwasilishwi, handikapu inabaki kubwa, siku ya zawadi nono ndipo mtu anaamka. Kedi anayembebea mkoba huwa anajua ukweli kabla ya kamati. Mfumo nao una macho: raundi ikiwa bora kuliko indeksi kwa 7.0 au zaidi, mhusika anakatwa 1 ya ziada, kwa 10.0 au zaidi, anakatwa 2. Na indeksi haiwezi kupanda zaidi ya 5.0 juu ya namba yako ndogo kabisa ya miezi 12 iliyopita. Wale wa upande wa pili, wanaojipunguzia namba ili wasifiwe baa, hawahitaji sheria. Wanapoteza kila Jumamosi.

Mzee wetu hakuficha kitu. Kadi yake ya 92, ikitolewa kipimo 70.4, ikazidishwa kwa 113 na kugawanywa kwa slopu 121, ni 20.2. Ikisukuma nje ya zile 8 kadi ya 28.4, wastani unashuka hadi 24.6.

“Mzee, umenimaliza,” kijana alimwambia wakipeana mikono.

“Karatasini tu, mwanangu.”

Na karatasi hiyo hiyo imeshamrudia. Kwa indeksi ya 24.6, uwanja ule ule sasa unampa mikwaju 24, si 25. Angekuwa na namba hiyo Jumamosi ile, neti yake ingekuwa 71, sawa na ya kijana.