Makumbusho ya Wasukuma Bujora hayakuanzishwa na serikali wala kwa ajili ya watalii

Kuna watu wanaongea kama vile Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, serikali ndo iliijenga ili wazungu waje wapige picha na wacheza nyoka. Siyo kabisa. Aliyeanzisha ni padri, David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na mpaka leo pale ni eneo la parokia ya Katoliki.

Najua wengine mnashangaa, maana tumezoea stori za wamisionari kuchoma vitu vya mila, na kweli kuna sehemu yalitokea, ila huyu alienda kinyume, akashirikiana na Wasukuma wenyewe kukusanya ngoma, viti vya watemi (machifu wa Kisukuma), zana za wahunzi na vifaa vya waganga visije vikapotea, halafu kanisani akaingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma. Hata banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ngoma zao zimo humo.

Na Bulabo, tamasha la ngoma la kila mwaka, vikundi viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, wakishindana kucheza, wanaojaa ni Wasukuma. Watalii wanakaribishwa tu, tena wachache.