Kurasa za mwongozo kwa vifurushi vyote vya Debian, bila kuichosha seva

Debian 12, toleo la mfumo huria wa kompyuta lililotoka Juni 2023, lina vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) zaidi ya 64,000. Ukitaka kusoma mwongozo wa amri bila kusakinisha chochote, unafungua manpages.debian.org na ukurasa unatokea papo hapo. Kurasa hizo hutengenezwa na debiman, programu ya Michael Stapelberg iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Kazi yangu ni ya aina hiyohiyo, na vijana wanaoanza huwa nawaambia waisome debiman kabla hawajaandika mstari wowote.

Wengi hukimbilia kushusha vifurushi vyote na kuvifungua kimoja kimoja. Ya nini? Hazina ya Debian huchapisha faili za Contents, zinazotaja kila faili na kifurushi kinachoibeba. Chuja njia zinazoanza na usr/share/man, utajua wapi kuna miongozo kabla hujashusha kitu. Kisha linganisha matoleo: kifurushi ambacho toleo lake ni lilelile, kurasa zake ziache.

Kugeuza mwongozo kuwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ni kazi ya programu iitwayo mandoc, ambayo OpenBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, nao huitumia. Ni nyepesi sana, ila ukiiwasha upya kwa kila ukurasa, kule kuwasha tu kunakula muda. Ndiyo sababu kuna mandocd: inawashwa mara moja, inabaki hai, na inapokezwa faili moja baada ya nyingine kupitia soketi, yaani njia ya programu mbili kupeana data.

Penye utamu, na penye kuumiza kichwa, ni viungo vya kubofya kutoka mwongozo mmoja hadi mwingine. Mwongozo ukitaja printf(3) (namba ni ya sehemu ya miongozo), msomaji anataka ile ya lugha ya C, siyo printf(1) ya kwenye shell, pale unapoandika amri. Jina hilohilo laweza kuwa kwenye vifurushi kadhaa, matoleo kadhaa ya Debian, na lugha kadhaa. Kwa hiyo huwezi kuandika ukurasa wa kwanza kabla hujajua orodha ya kurasa zote. Orodha kwanza, HTML baadaye. Halafu kuna mtego: ukurasa ambao haujaguswa mwaka mzima unaweza kuwa unataja mwongozo ulioingia leo. Ukifuata matoleo peke yake, kiungo hicho hakitazaliwa kamwe. Dawa yangu ni kuweka daftari la majina yaliyokosa pa kwenda. Jina likipatikana, naandika upya kurasa zilizolitaja, basi.

Vifurushi vilivyoondolewa, futa kurasa zake. Hilo halina falsafa.

Mwisho, hifadhi HTML ikiwa tayari imebanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili. Nginx, programu ya seva ya wavuti, ina gzip_static, inayoitoa faili jinsi ilivyo bila kuibana upya kwa kila anayeomba, na karibu vivinjari vyote huifungua vyenyewe. Wale wachache wasioweza, seva iwafungulie.