Presha ya Ujauzito Haitibiwi kwa Kuvuta Pumzi

Mimi ni mkunga, na mazoezi ya kutuliza mwili ninayafundisha mwenyewe kliniki. Ndiyo maana hunikera kumsikia mama aliyeandikiwa methildopa, dawa ya kushusha presha, akisema ameiacha, kwa sababu presha yake "ni ya mawazo tu" na akipumua taratibu inashuka.

Si ya mawazo tu. Preeklampsia, presha hatari ya ujauzito ambayo kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20, mzizi wake umo katika kondo la nyuma: mishipa ya mji wa mimba haikupanuka ipasavyo kondo lilipokuwa likijijenga, kondo likakosa damu ya kutosha, likaanza kumwaga katika damu ya mama kemikali zinazodhuru mishipa yake hadi ya figo, ini na ubongo. Hakuna namna ya kupumua inayoirekebisha mishipa hiyo. Utulivu huweza kushusha kipimo kidogo na kwa muda, na hapo ndipo mama anapodanganyika: 146/94 ikisomeka 138/88 baada ya kutulia, anajiona amepona, ilhali protini inaendelea kuvuja kwenye mkojo. Ikifika 160/110 ni dharura ya hospitali, wala si saa ya kutandika mkeka wa mazoezi.

Zoezi ninalolipenda ni jepesi, nalo hufanywa baada ya kumeza dawa, si badala yake: kaa ukiegemea, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6, kwa dakika 10. Usiibane, kubana pumzi na kujikaza, kama wafundishavyo baadhi ya watu mitandaoni, hupandisha presha papo hapo.

Wengine hulazwa kitandani kutwa na mama wakwe wenye nia njema. Kulala hivyo hakuzuii preeklampsia, na damu huweza kuganda miguuni. Kulalia ubavu wa kushoto huuondolea mshipa mkubwa uzito wa mimba, basi, si tiba.

"Sijisikii vibaya" nayo si hoja, kwani presha hupanda kimyakimya. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona maruweruwe, au maumivu yakishika chini ya mbavu za kulia, usianze kupumua kwa hesabu, nenda hospitali.

Na kujifungua hakufungi shauri: kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na preeklampsia, huweza kumpata mama hata siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa hiyo apimwe presha katika wiki hiyo ya kwanza, hata kama nyumba imejaa wageni waliokuja kumwona mtoto.