Una dola ya silva ya zamani ya Marekani? Usiisugue, na usiiuze kwanza

Swali tunaloulizwa sana hapa kitengo cha sarafu ni hili, nina dola ya silva ya 1921, imeshapita miaka mia, ni shingapi? Niseme mapema tu, umri peke yake haupandishi bei. Mwaka huo zilitengenezwa dola aina ya Morgan zaidi ya milioni 80, kwa hiyo zipo tele mpaka leo.

Morgan ni ile yenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, mchoraji wake George T. Morgan, ilitoka 1878 mpaka 1904 ikasimama, ikarudi 1921. Ina gramu 26.73, silva asilimia 90 na iliyobaki shaba, yani silva yenyewe ni kama gramu 24. Zidisha hizo kwa bei ya gramu moja ya silva siku hiyo, hiyo ndo bei ya chini kabisa, sonara atakata faida yake kidogo sawa, ila akikutajia nusu ondoka.

Sasa geuza upande wa tai, chukua lenzi, angalia chini ya shada la majani, juu kidogo ya neno DOLLAR. Hapo panakaa herufi ya kiwanda: CC ni Carson City, S San Francisco, O New Orleans, D Denver, na kama hamna kitu basi ni Philadelphia. Hiyo herufi ndogo inaweza kubadilisha kila kitu. Ya 1893 yenye S zilitengenezwa 100,000 tu na hata ikiwa imelika inauzwa maelfu ya dola.

Ila idadi iliyotengenezwa nayo inadanganya, maana sheria ya Marekani iliyoitwa Pittman, ya 1918, ilifanya dola zaidi ya milioni 270 ziyeyushwe, na nyingine zilikaa kwenye magunia ya hazina bila mtu kujua. Ya 1903 yenye O watu waliihesabu adimu kweli kweli, ikafika 1962 magunia yakafunguliwa, bei ikaporomoka. Ndo maana bei uliyoambiwa na babu inabidi uiangalie upya.

Halafu hili naomba mnisikilize jamani, msiisafishe. Sio dawa ya meno, sio majivu, sio limao, wala kile kitambaa cha sonara. Ule weusi hauna shida, mikwaruzo ya kusugua ndo shida, mnunuzi anaiona saa hiyo hiyo na thamani iliyopotea hairudi tena, na inaniuma sana kuona mtu kaleta sarafu nzuri inang'aa kama sufuria.

Feki nazo ni nyingi. Ikinasa kwenye sumaku ni feki, lakini isiponasa usishangilie bado, ipime kwenye mizani ya sonara, maana nyingi uzito unakataa. Wengine wanabandika S kwenye sarafu halali ya 1893, hiyo uzito hautakuonyesha. Na ndugu zangu wa pwani, yenye mama mnene na mwaka 1780 sio ya Marekani, hiyo ni reale ya Maria Theresa, ina hesabu yake.

Ukikuta CC au S ya mwaka adimu, ishike kwa kingo tu, ipeleke PCGS au NGC, hizo ni kampuni za Marekani za kukagua sarafu, wao wanaipa gredi kuanzia 1 mpaka 70 na kuifungia kwenye plastiki yenye namba. Wanalipisha lakini, kwa hiyo 1921 ya kawaida iliyochakaa usiitume.