Maksi za juu siyo ushahidi kwamba wameelewa

Vyuoni watu wengi, wahadhiri wakiwemo, wanaamini darasa likijaa A na B basi hiyo digrii inafundisha vizuri, tumemaliza. Hapana jamani. Maksi ya mwisho imebeba vitu vingi, testi, asaimenti, mahudhurio, kazi ya kikundi ambayo mmoja kaifanya na wanne wameandika majina tu, mwisho unaona 72 lakini hiyo 72 haikwambii kama huyu mtu anaweza kuchambua data au kujenga hoja ikasimama. Ukitaka kujua hilo chukua kazi zenyewe, mfano ripoti za projekti za mwaka wa mwisho, zisomwe upya na watu wawili au zaidi, kipengele kimoja kimoja, hoja peke yake, ushahidi peke yake, uandishi peke yake. Hapo ndo unaweza kugundua wanaandika vizuri sana ila kusoma jedwali la takwimu wengi hawawezi.

Nyingine ni hii ya "waulizeni wanafunzi wenyewe". Dodoso lina kazi yake, silikatai, ila linapima mtu alivyojisikia. Kuna utafiti wa darasa la fizikia Harvard ulitoka 2019, waliofundishwa kwa kukokotoa na kujadiliana wenyewe walifanya vizuri zaidi kwenye testi, lakini walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo kuliko waliokaa wakasikiliza mhadhara mtamu. Yaani kule kuhangaika ndo kujifunza kwenyewe, ila mtu anahisi haelewi! Hili linaniuma, maana mhadhiri anayewafikirisha watu anaweza kuonekana mbovu kwenye makaratasi.

Eti testi ni ya kupima tu? Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia, mwaka 2006 walionyesha kwamba waliorudia kusoma kifungu walikuwa mbele baada ya dakika 5, ila wiki ikipita waliojipima kukikumbuka ndo walikuwa na kingi kichwani. Kwa hiyo vitesti vidogo vya mara kwa mara, hata visivyo na maksi, vinafundisha.

Na tathmini ya programu nzima ya digrii siyo kumtafuta mhadhiri mbaya. Wale walioshindwa kusoma jedwali, unafuatilia kozi zao zote toka mwaka wa kwanza uone lilifundishwa wapi, na unaweza kukuta kila mhadhiri alidhani mwenzake ndo kalifundisha.