Kuwahisha cheche si kuongeza nguvu

Wenye Volkswagen Beetle wameambiwa kwa miaka mingi kwamba ukizungusha distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme) ili plagi zipige cheche mapema zaidi, injini inapata nguvu. Imani hii ina chanzo kinachoeleweka: gari likiwa sailensa, yaani injini ikiunguruma gari limesimama bila kukanyagwa mafuta, ukiwahisha cheche mzunguko hupanda na muungurumo hulainika. Sikio linaridhika.

Lakini sailensa si barabarani. Cheche haiunguzi mchanganyiko wote papo hapo. Moto unahitaji muda kuenea, na mgandamizo unatakiwa ufike kilele pistoni ikishaanza kushuka. Kwa mizunguko 900 kwa dakika, kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hugeuka kama nyuzi 5 za duara kwa milisekunde moja. Kwa 3,000, nyuzi 18. Ndiyo maana ndani ya distribyuta nyingi mna vizito vinavyowahisha cheche vyenyewe kadiri kasi inavyopanda. Ukiongeza nyuzi nyingi mwanzoni, kasi ikipanda zinapita kiasi: moto unaisukuma pistoni ingali inapanda, nguvu inashuka, joto linajaa kwenye silinda hedi. Kwa injini inayopozwa na hewa hilo ni hatari kweli, hasa silinda namba 3 ya Beetle za zamani, ambayo kipoza oili kinaizibia upepo. Na kwa kelele za injini hiyo, mgongo wa injini (nokingi), yaani mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda, unaweza usiusikie kabisa.

Kwa distribyuta aina ya Bosch 009, pimia taa ya taimingi (taa inayoonyesha cheche inapiga wakati gani) injini ikivuka mizunguko 3,000: nyuzi 28 hadi 32 kabla pistoni haijafika juu kabisa zinatosha. Sailensa utairekebisha kwenye kabureta.